SOMO LA AFYA: MAHARAGI NA KOLESTEROLI



Mu internati yetu wengi wanasema maharagi ni chakula cha shida, na kwamba siku watakapopata diploma na kazi hawatayagusa tena. Watakula nyama asubuhi na magaribi, na mkate mweupe na margarina. Somo hili ni kwa ajili yao, na pia kwa ajili ya wazazi wetu ambao tayari wako na kazi.

1. Kolesteroli ni kitu gani?

Ni aina ya mafuta inayofanana na nta. Haiko sumu. Mwili unaitumia kwa kujenga seli, na kwa kutengeneza homoni, vitamini D na nyongo. Sehemu kubwa inatengenezwa na maini yetu wenyewe, na ingine inatoka mu nyama, mayai na maziwa. Mafuta ya mawese hayana kolesteroli, lakini tusidanganyike: karibu nusu yake ni ya aina ile inayoganda, na aina ile inazuia maini kuondoa kolesteroli mu damu. Njo maana chupa iliyoandikwa "bila kolesteroli" inasema kweli, lakini haisemi kweli yote.

Mafuta na maji hayapatane, kwa hiyo kolesteroli haitembei peke yake mu damu. Inabebwa mu vifurushi vidogo. Kifurushi kinachotutia wasiwasi kinaitwa LDL. Kama LDL inazidi kwa miaka mingi, inaingia mu ukuta wa mshipa na mshipa unakuwa mwembamba. Siku moja damu inaganda pale. Kama ni mshipa wa moyo, moyo unashikwa. Kama ni wa bongo, mtu anaweza kupooza upande mmoja.

Ubaya ni kwamba kolesteroli haiumi. Hakuna homa, hakuna maumivu ya kichwa. Inajulikana tu kwa kupima damu mu laboratware. Kwa hiyo baba akianguka gafla, jamaa inaanza kuuliza: nani alimroga? Wanamshitaki jirani, ao mama mkubwa, na jamaa inapasuka. Kumbe ugonjwa ulikuwa unajengeka polepole miaka 20. Tension ya damu njo adui wa kwanza wa bongo, lakini kolesteroli, tumbaku na sukari ya damu vinatembea pamoja nayo.

2. Nyuzi za chakula ziko aina mbili

Nyuzi, ni kusema fibre, ni sehemu ya mimea ambayo tumbo letu haliwezi kusaga. Mu nyama, mu samaki na mu mayai hakuna hata gramu moja.

Aina ya kwanza haiyeyuke mu maji: maganda ya muhindi, nyuzi ngumu za sombe na lenga-lenga. Hizi zinasaidia kwenda choo vizuri.

Aina ya pili inayeyuka na inakuwa kama ute. Mukitaka kuiona kwa macho, mukate dongodongo na mulipike: ule utelezi njo nyuzi zenye kuyeyuka. Ziko pia mu maharagi, mu mbaazi, mu avoka, mu machungwa, mu mapera, na mu nafaka mbili za nchi za baridi, shayiri na avoine.

3. Namna zinavyofanya kazi

Tufuate njia hatua kwa hatua:
a) Maini yanachukua kolesteroli na kutengeneza nyongo.
b) Nyongo inaingia mu matumbo, inasaidia kusaga mafuta. Kisha sehemu kubwa yake inanyonywa na kurudi kwa maini, itumike tena.
c) Kama kuna ute wa nyuzi, nyongo inanaswa ndani yake na inatoka na choo.
d) Maini yanaona nyongo imepunguka. Yanalazimika kutengeneza ingine, na yanavuta LDL kutoka mu damu.

Maini yanavuta LDL kwa milango maalum. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipata Prix Nobel mu mwaka 1985 juu ya kuivumbua na kueleza kazi yake. Basi nyuzi haziingie mu damu hata kidogo. Zinafanya kazi mu matumbo, na damu inapata faida.

4. Watafiti walisema nini?

Denis Burkitt, mganga mpasuaji wa Ireland, alifanya kazi Uganda, kwa majirani wetu, mpaka mwaka 1966. Mwenzake Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na Uganda. Waliona kwamba wanakijiji waliokula mimea mingi walipata kwa nadra sana magonjwa ya moyo yaliyojaa Ulaya. Lakini kuona haitoshi, sababu wanakijiji walitembea pia kwa miguu na walilima. Ilifaa kujaribu.

Mu mwaka 1984, James Anderson na wenzake wa Kentucky, Marekani, waliandika juu ya wanaume 20 wenye kolesteroli nyingi. Kwa majuma 3 wamoja walikula pumba za avoine, wengine maharagi, gramu 115 kwa siku yakipimwa makavu. Kolesteroli ilishuka karibu asilimia 19 kwa makundi yote mawili. Ile ilikuwa chakula kilichopimwa na kulindwa kila siku. Mu maisha ya kawaida mushuko ni mdogo zaidi: gramu 5 mpaka 10 za nyuzi zenye kuyeyuka kila siku zinashusha LDL karibu asilimia 5, pengine zaidi kidogo.

5. Maonyo

— Nyuzi hazichukue nafasi ya dawa. Mzazi aliyepewa vidonge na mganga asiviache juu ya somo hili. Kuna jamaa ambamo kolesteroli nyingi inarithiwa, na maharagi peke yake hayatatosha.
— Sahani ya maharagi inayoogelea mu mafuta ya mawese inajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.
— Juu ya gesi ambayo inachekesha dortoir yote: ni vijidudu vya matumbo makubwa vinavyokula nyuzi. Muloweke maharagi usiku, mumwage yale maji, muyachemshe sana mpaka yaive kabisa. Muzidishe polepole, na munywe maji ya kutosha.

6. Maswali ya kujipima

1) Kwa nini mtu anaweza kuwa na kolesteroli nyingi bila kujua?
2) Nyuzi zinashusha kolesteroli ya damu namna gani, na haziingie mu damu?
3) Kwa nini kuona kwa Burkitt na Trowell hakukutosha?

Wapenzi wasomaji, mwezi wa vakansi wengi wetu tutarudi nyumbani. Kama baba ao mama amepita miaka 40, tumuulize kwa heshima kama amekwisha kupimwa tension na damu. Na yule atakayepata kazi kesho, aongeze nyama kidogo kama anataka, lakini asifukuze maharagi mezani.