Haffkine na Chanjo ya Kipindupindu: Kutoka Odessa hadi Pemba

Kipindupindu si maradhi mageni katika mwambao wetu. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1876 jinsi maradhi hayo yalivyofuata njia za misafara ya biashara kutoka bara hadi pwani, kisha yakavuka bahari na kuingia Unguja mwaka 1869. Tabibu wa zama hizo aliweza kuandika habari za maradhi, lakini hakuwa na kinga ya kumpa mtu mzima. Katika makala haya tutaeleza jinsi kinga hiyo ilivyoanza kutafutwa, na jinsi tunavyoweza kujua kama chanjo inafaa.

Mhamiaji aliyefungiwa mlango

Waldemar Haffkine alizaliwa mwaka 1860 katika mji wa Odessa, uliokuwa chini ya Dola ya Urusi. Alikuwa Myahudi. Alihitimu elimu ya viumbe, lakini Wayahudi hawakuruhusiwa kushika kazi ya ualimu wa chuo kikuu ila kwa kubadili dini. Haffkine alikataa. Mwaka 1888 aliihama nchi yake akaenda Geneva, na mwaka uliofuata akafika Paris katika Taasisi ya Pasteur. Kazi aliyoipata huko ilikuwa ya msaidizi wa maktaba; majaribio aliyafanya baada ya saa za kazi.

Wakati huo Robert Koch alikwisha kutambua kwamba kipindupindu huletwa na bakteria wenye umbo la alama ya mkato. Haffkine aliwakuza bakteria hao kwa namna mbili: wengine aliwadhoofisha, na wengine aliwazidishia nguvu kwa kuwapitisha katika miili ya wanyama wa maabara. Mtu alichomwa sindano ya walio dhaifu kwanza, na siku chache baadaye ya wenye nguvu. Tarehe 18 Julai 1892 Haffkine alijichoma mwenyewe. Alipata homa, akapona.

Ushahidi wa kulinganisha

Kupona kwa mtu mmoja kulionyesha tu kwamba chanjo haikumuua. Kama inakinga, hilo lilikuwa swali jingine. Mwaka 1893 Haffkine alikwenda India. Mwaka 1894, katika mtaa mmoja wa maskini mjini Calcutta, watu 116 kati ya wakazi wapatao 200 walikubali kuchanjwa. Wote walikaa mahali pamoja na kuishi maisha ya namna moja. Wagonjwa waliotokea baadaye walikuwa miongoni mwa wale wasiochanjwa. Huu ndio msingi wa somo letu: ubora wa chanjo hujulikana kwa kuwalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa walio katika hatari iliyo sawa.

Kulinganisha huko huko ndiko kulikomwokoa Haffkine mwenyewe. Mwaka 1902, katika kijiji cha Mulkowal, Punjab, watu 107 walichanjwa dhidi ya tauni, chanjo nyingine aliyoibuni yeye. Watu 19 kati yao walikufa kwa pepopunda. Haffkine alilaumiwa, akaondolewa kazini. Lakini wote 19 walikuwa wamechomwa kutoka chupa moja. Waliochomwa siku ile ile kutoka chupa nyingine hawakudhurika. Kwa hiyo kosa halikuwa katika chanjo yenyewe, bali katika uchafu ulioingia chupa ile. Wanasayansi, akiwamo Ronald Ross, walimtetea hadharani, na mwaka 1907 akaondolewa lawama. Wanahistoria kadhaa wameona kwamba Uyahudi wake ulichangia kumfanya alaumiwe upesi. Mgeni asiye na ukoo wala dola ya kumkingia kifua hana ngao ila ushahidi.

Pemba, mwaka 2009

Mwaka 2009 wakazi wa baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, ikiwamo Mwambe, walipewa chanjo ya kunywa, iliyotengenezwa kwa bakteria waliouawa. Kipindupindu kilipozuka baadaye, watafiti waliwalinganisha wakazi waliopata dozi mbili na wale wasiopata. Kinga ilikadiriwa kuwa asilimia 79. Maana yake ni hii: katika makundi mawili yenye idadi sawa ya watu, pale ambapo wagonjwa 100 hutokea miongoni mwa wasiochanjwa, hutarajiwa wagonjwa wapatao 21 miongoni mwa waliochanjwa. Kwa kuwa hao 21 wamo, maji safi na vyoo bado ni vya lazima.

Maswali

1. Kwa nini jaribio la Haffkine juu ya mwili wake halikutosha kuthibitisha kwamba chanjo inakinga?

2. Katika kundi la wasiochanjwa kuna wagonjwa 40. Ikiwa kinga ni asilimia 79, tazamia wagonjwa wangapi katika kundi la waliochanjwa lenye idadi sawa ya watu?

3. Huenda wanaokubali chanjo ndio pia wanaochemsha maji ya kunywa. Je, jambo hili laweza kupotosha ulinganisho kwa namna gani? Ungefanya nini kulichunguza?