Sevisi ya gari la delivari: ipigie hesabu kwa kilomita

Leo naongea na wale wenye gari dogo la zamani, lile ambalo mchana linabeba oda na jioni linakurudisha nyumbani. Mimi natumia IST, zile za toleo la kwanza la 2002 mpaka 2007, kwa hiyo hesabu zangu zimekaa ki-IST. Mwenye Vitz au Spacio abadilishe namba tu, njia ni hiyo hiyo.

Tukipanga bei ya delivari wengi tunahesabu mafuta na parking, basi. Sevisi tunaichukulia kama msiba, ikifika tunachangishana. Na hela ya haraka iko wapi? Iko kwenye mzigo. Unachomoa laki moja, unaenda kubadilisha oili, halafu wiki ijayo unashangaa kwa nini umefunga mzigo mdogo Kariakoo.

Sasa tupige hesabu. Bei zangu ni za mfano, wewe weka za dukani kwako.

Injini ya IST inakula oili karibu lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta, yani kidumu cha lita 4 kinatosha. Tufanye kidumu ni 65,000, filta ya oili 10,000, fundi 15,000. Jumla 90,000. Gawa kwa kilomita 5,000, unapata shilingi 18 kwa kila kilomita. Hiyo ndiyo namba ya kuikariri.

Kwa nini 5,000 wakati kuna oili zimeandikwa mpaka 10,000? Kwa sababu dashibodi haihesabu foleni. Ukikaa Ubungo dakika 40, injini inazunguka, oili inachemka, ila kilomita hazijasogea hata moja. Kwa gari la umri huu, lenye kazi ya simama-ondoka kutwa nzima, hata ukiniwekea oili ya bei kali kiasi gani, mimi sivuki 5,000. Na kama unatembea kidogo sana, miezi 6 ikifika badilisha hata kama kilomita bado.

Filta ya hewa, tufanye 20,000 na inakaa kilomita 20,000: shilingi 1 kwa kilomita. Kila ukimwaga oili itoe uipulize upepo, kutokea ndani kwenda nje, sio kinyume, maana utalisukumia vumbi ndani zaidi. Unayepita barabara za vumbi kila siku hutaifikisha hiyo 20,000. Ikiziba gari linakuwa zito, na mafuta unayaona yanavyokwenda.

Oili ya gia boksi: ukifungua nati ya chini inatoka kama lita 3 hivi, nyingine inabaki ndani, ndivyo ilivyo. Lita 3 kwa 15,000 ni 45,000, fundi 15,000, jumla 60,000. Kwa kilomita 40,000 ni shilingi 1.50.

Mpaka hapo tuko 20.50. Kuna plagi, oili ya breki, coolant (tafadhali usijaze maji ya bomba miaka yote), kwa hiyo mimi nafunga kwenye shilingi 25 kwa kilomita na sibishani tena.

Twende barabarani. Kariakoo hadi Mbezi Mwisho, kwenda na kurudi, weka kilomita 40. Mara 25 ni buku moja kamili. Ukibeba oda 4 kwenye safari hiyo, kila mteja anabeba 250. Yani ukipandisha delivari kutoka 5,000 kwenda 5,500 sevisi imeshalipwa na chenji inabaki, na sijaona mteja anayekimbia kwa sababu ya jero. Ila ukipeleka oda moja Mbezi kwa 5,000, mafuta peke yake yameshaimaliza hiyo hela. Hiyo usiite delivari, umemsindikiza mteja. Subiri zifike tatu nne, au mpe bodaboda.

Hiyo buku inatoka siku hiyo hiyo jioni. Mimi nina laini ya pili ya simu, kazi yake ni kupokea hela ya gari tu. Siku 26 kwa mwezi za kilomita 40 ni 1,040, kwa hiyo oili inanifikia kila baada ya miezi 5 hivi. Hapo kibubu kina 130,000. Inatoka 90,000, ile 40,000 inalala pale inangoja gia boksi.

Jirani yangu wa viatu alikuwa na tabia ya kuongeza oili bila kumwaga. Kijiti kikionyesha imepungua, anamimina nusu lita, anasema gari liko sawa. Mwezi wa 11 injini ikanoki akiwa na oda 31 zilizolipiwa kwenye buti. Hela ya injini ya mtumba ilitoka kwenye mzigo wa Desemba, na wale wateja akawapelekea kwa boda kwa hela yake. Januari alikuwa anauza viatu vya Oktoba. Gari la zamani kuongezwa oili ni kawaida, mimi nacheki kijiti kila Jumatatu asubuhi kabla sijawasha na lita moja iko kwenye buti. Lakini kuongeza hakufuti tarehe ya kumwaga.

Kuhusu tarehe yenyewe, usisubiri namba ifike ndio ukimbilie gereji. Sisi oda zinajaa mwisho wa mwezi, watu wakilipwa. Kwa hiyo sevisi naipanga kati ya tarehe 10 na 20, siku ya katikati ya wiki, saa mbili asubuhi, saa nne niko barabarani. Kama namba inaangukia wiki ya sikukuu naiwahisha, hata kama zimebaki kilomita 400.

Oili nunua mwenyewe, duka unalolijua, na sili ivunjwe ukiwa umesimama pale. Filta ya zamani uione imetoka kwa macho yako. Kidumu kitupu kitoboe kabla hujakiacha, maana kuna watu wanavinunua vizima na unajua vinaenda kujazwa nini. Piga picha ya dashibodi na risiti, itume kwenye ile namba yako ya pili.

Na kwenye gia boksi usikubali "haidroliki yoyote inafaa". IST hizi za gia nne zinataka T-IV, mwambie fundi hivyo hivyo kwa jina. Kama gari limeshaanza kuteleza gia, usitegemee oili mpya italiponya. Lipeleke likapimwe kwanza, ndio ujue kama hiyo 60,000 ina kazi au inaenda kupotea.