Dawa ya macho usiiweke dirishani

Leo tuangalie kile kichupa kidogo cha dawa ya macho ya matone, hasa ile ya kloramfenikoli, ambayo ni antibiotiki.

Mkazi wa Njombe atasema: "Huku kwetu baridi, friji ya nini?" Hakukosea sana. Dawa hii hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za sentigredi, na joto huiharibu. Lakini baridi haizuii mwanga. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 miale ya jua isiyoonekana, yaani urujuanimno, huongezeka kwa takriban asilimia 10. Umevaa koti, unatetemeka, na huku miale inayopiga kichupa dirishani ni mikali. Kioo cha dirisha huzuia sehemu yake tu.

Mwanga ukiipata kloramfenikoli, huivunjavunja, na vipande vinavyobaki haviui vijidudu. Ubaya ni kwamba maji ya dawa yanaweza kubaki meupe vilevile, usitambue kitu. Unamtia mtoto matone kwa saa zake, siku ya tatu tongotongo bado zinatoka, nawe unasema ugonjwa umeshindikana. Kumbe dawa ilikwisha nguvu! Na maambukizi makali yakiachwa huweza kuleta kidonda kwenye kioo cha jicho, kisha kovu, hata upofu.

Basi kichupa kirudishe ndani ya boksi lake kila unapomaliza kukitumia. Boksi hilo si pambo, watu wengi hulitupa siku ya kwanza. Kama huna friji, kabati la chumba chenye ubaridi ni afadhali mara nyingi kuliko dirisha, ila muulize mfamasia. Ukinunua dawa Makambako na safari ni ya Songea, iweke ndani ya mkoba, si mbele ya gari penye kioo. Na dukani, ukiona vichupa vimepangwa juani, nenda duka jingine.

Andika tarehe uliyokifungua. Baada ya siku 28 kitupe, hata kama dawa imebaki nusu, na usimpe jirani.

Mtoto mchanga anayetoka usaha machoni asisubiri matone ya nyumbani. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.