Kifusi Kinapopimwa Kutoka Angani

Msomaji, wiki hii tunaweka kando bei za ufuta na korosho ili tuzungumze na wale waliotia fedha zao kwenye tipa. Pwani ya Kilwa na Lindi ina kazi ya ujenzi. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, mradi wa takriban sh. bilioni 266. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, na madaraja yakalazimika kujengwa upya. Kazi za namna hii hula kifusi na mawe kwa maelfu ya mita za ujazo, na wapo wanaovipeleka kwa lori moja au mawili tu.

Hesabu iliyozoeleka ni ya tripu. Karani wa getini anakata stakabadhi, mwisho wa wiki zinajumlishwa. Lakini mkandarasi mwenye droni, au ndege nyuki kama wengi wanavyoiita, anaweza kupima eneo lote asubuhi moja. Jambo hili si geni kwetu: kuanzia 2016 Zanzibar ilipiga picha Unguja na Pemba kwa droni ili kupata ramani mpya.

Ndege hupita kwa mistari ikipiga mamia ya picha zinazopandiana kwa asilimia 70 hadi 80. Kompyuta huziunganisha na kutoa umbo la ardhi na kimo cha kila sehemu. Ikiruka kabla ya kujaza na tena baada ya kujaza, tofauti ya maumbo hayo mawili ndiyo ujazo. Mkandarasi anajua wapi pameshajaa, anapanga magari yake, na tripu hewa zinakoma. Hilo ni jema hata kwa msambazaji mwaminifu.

Hasara inaingilia hapa. Tuseme umepeleka tripu 100 za mita za ujazo 15, yaani 1,500, kwa bei ya sh. 20,000 kwa mita. Unadai sh. milioni 30. Kifusi hicho kikimwagwa na kushindiliwa hupungua, tuseme hadi 1,200. Droni itasoma 1,200, nawe utalipwa sh. milioni 24. Hakuna aliyekuibia, mmepima vitu viwili tofauti. Dizeli uliyochoma, hata hivyo, ni ya mita 1,500.

Kwa hiyo mkataba useme waziwazi kama bei ni ya kifusi kilicho ndani ya lori au kilichoshindiliwa. Ikiwa ni kilichoshindiliwa, pandisha bei. Kwa mfano wetu, sh. 25,000 ndizo zinazokurudisha pale pale.

La pili ni kimo. Kosa la sentimita 5 tu kwenye eneo la mita za mraba 10,000 ni mita za ujazo 500. Ndiyo maana mpima huweka alama ardhini, zilizopimwa kwa vifaa vyake, ili kusahihisha picha. Uliza alama hizo ziko wapi na kama ni zile zile kwa safari zote mbili. Usione haya kuuliza. Fedha ni zako.

Kwa Kilwa kuna la ziada. Picha hazipimi kilicho chini ya maji ya bahari, wala ardhi iliyofunikwa na mikoko. Mawe yaliyozama yanahitaji boti yenye kipimo cha kina, na ufukweni ndege irushwe maji yakiwa yamekupwa. Upepo wa kusi nao huisumbua ndege ndogo, hivyo asubuhi mapema ni afadhali.

Kuruka kwenyewe kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Hilo ni jukumu la mrushaji. Lako ni kuomba nakala ya vipimo vya kwanza kabla tipa yako haijamwaga tripu ya kwanza, na kutunza stakabadhi za getini hadi malipo yote yaingie benki.