Fahamu Kaunti Yako: Tuko Wangapi, na Tunaishi Wapi?

Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika Kaunti ya Kajiado, kutoka 687,312 mwaka 2009. Ukigawanya idadi hiyo kwa ukubwa wa kaunti, takriban kilomita za mraba 21,900, unapata wastani wa watu 51 kwa kila kilomita ya mraba. Hesabu hii huitwa msongamano wa watu.

Lakini wastani hauonyeshi watu wanaishi wapi. Kaunti ndogo zilihesabiwa hivi:

- Kajiado Kaskazini: 306,596
- Isinya: 210,473
- Loitokitok: 191,846
- Kajiado Magharibi: 182,849
- Kajiado ya Kati: 161,862
- Mashuuru: 64,214

Kajiado Kaskazini na Isinya pekee zina watu 517,069, yaani 46 kati ya kila wakazi 100. Sababu yake ni ukaribu na Nairobi: wengi hufanya kazi jijini au Athi River na kuishi Ongata Rongai, Ngong na Kitengela.

Huku Loitokitok, watu wamefuata maji. Eneo hili lina takriban kilomita za mraba 6,356, hivyo msongamano wake ni watu 30 tu. Hata hivyo, Kimana na Rombo, kunakofika maji ya chemchemi za Mlima Kilimanjaro, wakulima wa nyanya na vitunguu wanaishi karibu karibu. Ukishuka nyanda kavu za Amboseli, maboma yametawanyika, kwa kuwa mifugo huhitaji malisho mapana.

Tofauti hii inagusa huduma. Chukua mfano wa zahanati ya watu 3,000. Mjini, watu hao wanaweza kuishi katika mitaa michache na kufika kwa miguu. Pakiwa na watu 30 kwa kila kilomita ya mraba, watu hao hao wametapakaa katika kilomita za mraba 100. Idadi ni ile ile, lakini mama mjamzito wa nyandani ana safari ndefu zaidi. Kwa hiyo mjini tatizo huwa foleni, nyandani tatizo ni umbali.

Inagusa pia fedha. Katika mfumo wa kugawia kaunti mapato ulioidhinishwa na Seneti mwaka 2020, idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 18 na ukubwa wa ardhi asilimia 8. Asiyehesabiwa hupunguza fungu la kaunti yake. Familia iliyohama na mifugo nayo ihesabiwe, popote itakapolala usiku wa sensa. Sensa hufanyika kila baada ya miaka 10. Inayofuata ni ya 2029.

Kabla ya hapo, vikao vya bajeti huja kila mwaka. Mradi ukitajwa katika wadi yako, uliza mambo mawili: utahudumia watu wangapi, na aliye mbali zaidi atatembea kilomita ngapi kuufikia?