Vidonge vya Bakteria Hai: Je, Vinafika Mokowe Vikiwa na Uhai?

Msomaji, siku hizi madukani utaona chupa ndogo za vidonge vya probayotiki, yaani bakteria hai wanaokusudiwa kuusaidia utumbo. Bei yake si ya mchezo. Aspirini haifi njiani, lakini bakteria hufa, na safari ya lori kutoka Mombasa kupitia Malindi na Garsen hadi gati la Mokowe, kisha boti hadi Amu, ni ya joto na unyevu.

Kiwandani kazi huanza na mbegu: bakteria wa aina moja tu, waliohifadhiwa kwenye baridi kali. Hutiwa katika tangi safi lenye maji, sukari na chakula kingine, kwenye joto linalokaribia la mwili wa binadamu. Wakishaongezeka, mashine huwazungusha kwa kasi ili watengane na maji, mfano wa ile inayotenga malai na maziwa. Huchanganywa na sukari ya kuwakinga, wakagandishwa, kisha hewa ikavutwa nje hadi barafu igeuke mvuke bila kuyeyuka. Unga unaobaki una bakteria waliolala. Unyevu kidogo huwaamsha mahali pasipo chakula, wakafa. Kile kipakiti cha kufyonza unyevu ndani ya chupa, usikitupe.

Je, wanahesabiwaje? Mtaalamu hukoroga gramu 1 ya unga katika mililita 9 za maji ya chumvi, yaani kuuzimua mara 10. Hurudia hivyo hadi mara milioni 10. Mililita 1 ya mwisho hutiwa katika kisahani chenye chakula cha bakteria, kikaachwa kwenye joto siku mbili au tatu. Kila aliye hai huzaa kidoa kimoja kinachoonekana kwa macho. Vidoa 50 ni sawa na bakteria milioni 500 katika gramu moja. Wafu hawazai kidoa. Vilevile hupimwa vinasaba kuthibitisha kwamba ndiye bakteria aliyetajwa, na kuhakikisha hakuna salmonela wala ukungu.

Hesabu hiyo ilifanywa lini? Hapo ndipo wanunuzi wengi hupunjwa. Mwaka 2002 wataalamu wa FAO na WHO walipendekeza lebo itaje jina kamili la bakteria, idadi ya walio hai hadi siku ya mwisho wa matumizi, na namna ya kuhifadhi. Lebo ikisema "wakati wa kutengenezwa", haikuahidi kitu kuhusu leo. Ikisema isizidi nyuzi 25, kumbuka kwamba mchana wa kaskazi Mokowe hupita 30. Muulize mwenye duka chupa ilikaa wapi. Iliyoandikwa iwekwe kwenye friji nawe umeikuta rafuni juani, mwachie.

Maziwa lala nayo yana bakteria hai, ingawa hawakutajwa wala kuhesabiwa. Ni chakula kizuri, mradi maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa.

Mtoto akiharisha, kwanza ni maji ya ORS na zinki. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 kwa watoto 971 wenye ugonjwa wa tumbo haukuona nafuu kwa waliopewa aina moja mashuhuri ya bakteria hawa. Na mtoto njiti asipewe bila daktari: mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya njiti aliyepewa bidhaa hiyo kufariki.