Bao Katika Somo la Hesabu: Kumzoeza Mtoto Kutazama Mbele

Utangulizi

Mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha katika shule za Shinyanga, Kahama au Geita hana budi kutazamia kumkuta darasani mtoto aliyekosa masomo kwa majuma kadhaa kwa sababu aliwafuata wakubwa wake machimboni. Arudipo, wenzake wamekwisha kuvuka, naye hujiona mjinga. Lakini jioni mtoto huyo huyo humshinda kaka yake katika bao, au katika mchezo wa vita vya karata uliomo katika simu. Katika michezo yote miwili hufanya mambo matatu: huhesabu nguvu alizo nazo, hukisia jibu la mpinzani, na huweka akiba. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi mwalimu awezavyo kuichukua akili hiyo na kuiingiza katika somo la Hesabu. Tumechagua bao kwa kuwa halihitaji fedha wala umeme, na kwa kuwa si geni: Wasukuma wana mchezo wao wa jamii hiyo, uitwao isolo, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mchezaji wa bao.

Shabaha ya somo

Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze kutaja shimo ambamo kete ya mwisho itaangukia kabla hajagusa kete yoyote, na kueleza sababu ya kuchagua hatua yake.

Vifaa

Mashimo huchimbwa ardhini chini ya mti, safu 4 zenye mashimo 8 kila moja. Kete ni mbegu za ukwaju au kokoto. Bao moja huhitaji kete 64. Darasa la watoto 80 litahitaji mabao 10, yaani kete 640. Kazi ya kuziokota na kuzihesabu makumi kwa makumi ni zoezi la kwanza.

Hatua za kufundisha

1. Tumia bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete 2. Kila upande una safu mbili. Wanafunzi wayape namba mashimo yao: safu ya mbele 1 hadi 8 kutoka kushoto kwenda kulia, na safu ya nyuma 9 hadi 16 kwa kurudi, hata shimo la 16 likae nyuma ya shimo la 1.

2. Eleza kanuni ya kusambaza. Kete huwekwa moja moja kuanzia shimo linalofuata. Kwa hiyo namba ya shimo ukijumlisha na idadi ya kete hutoa mahali pa kuishia. Jumla ikizidi 16, toa 16. Shimo la 13 lenye kete 5 huishia wapi? 13 + 5 = 18; 18 − 16 = 2. Huishia shimo la 2, katika safu ya mbele.

3. Eleza kula. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalolikabili nalo lina kete, mchezaji huzila. Mwanzoni mwa mchezo, kete 2 za shimo la 1 huishia shimo la 3, zikala 2. Kete zilizoliwa huanzia kichwani, yaani shimo la 1 lenyewe. Kwa hiyo huishia shimo la 2, na hapo mchezaji hula tena. Hapa watoto wengi hukosea kwa kuanzia shimo la 2 na kusema 3. Mwalimu asikimbilie kusahihisha. Awaache wacheze waone.

4. Eleza kulala. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu imekwisha. Ikiangukia shimo lenye kete pasipo kula, mchezaji huzichukua zote na kuendelea.

Mbinu za kushinda

Watoto wakishajua kanuni, mwalimu aulize maswali matatu kabla ya kila hatua.

Kwanza, "Utaishia wapi?" Anayegusa kabla ya kuhesabu amekabidhi mchezo kwa bahati.

Pili, "Mwenzako atakujibu nini?" Hatua inayokula kete nyingi si lazima iwe bora. Huenda ikaacha rundo lako mbele ya shimo lake lenye kete, akalila lote. Rundo linalokabili shimo tupu lina usalama zaidi, kwa maana kete yake ya mwisho ikianguka humo, zamu inalala.

Tatu, "Akiba yako iko wapi?" Kete za safu ya nyuma haziliwi. Lakini anayerundika zote nyuma atashindwa, kwa sababu safu ya mbele ikiwa tupu mchezo umekwisha. Vilevile, shimo lenye kete 1 haliwezi kuanzisha hatua. Aliyebakiwa na kete moja moja tu amefungwa.

Tahadhari

Tulipojaribu somo hili mara ya kwanza, tulimkutanisha mtoto hodari na mwenzake aliyetoka machimboni, mbele ya darasa zima. Yule wa pili alishindwa upesi, akachekwa, na kesho yake hakuja shuleni. Kosa lilikuwa letu, wala si la mchezo. Tangu hapo kila bao lina timu mbili za watoto wanne wanne, wanaoshauriana kwa zamu. Alama hutolewa kwa kutabiri shimo kwa usahihi, hata kwa timu iliyoshindwa. Mtoto aliyerudi hupewa kazi ya kutabiri kwanza, na wenzake humsaidia kuhakikisha.

Kucheza kwa fedha kupigwe marufuku kabisa. Na mzazi akilalamika kwamba mwanawe huenda shule kucheza bao, mwalimu asikasirike. Amwonyeshe andalio la somo, kisha amwombe mtoto atabiri shimo mbele ya mzazi wake.

Maswali ya kujadili

1. Shimo la 11 lina kete 9. Zitaishia shimo gani? Je, huko mchezaji aweza kula?
2. Kwa nini shimo lenye kete 16 halina faida ya kusogea mbele?
3. Andaa somo la dakika 40 la kujumlisha na kutoa kwa kutumia bao, ukionyesha jinsi utakavyomhudumia mtoto aliyekosa vipindi vya majuma matatu.